Kupanda milima ya jangwani kaskazini mwa Kenya pasipo na njia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wakishamaliza Ngong na Longonot, na pengine wameshafika hata Mlima Kenya, wanaanza kuulizia kule juu Samburu na Marsabit, na maswali ni yale yale kila wiki. Nimeyaweka hapa pamoja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoua watu, mengine kwa mstari mmoja tu yanatosha.

Mnaongelea milima gani hasa?

Ile inayosimama peke yake katikati ya ukame. Ololokwe, ambao wenyeji wanauita Ol Donyo Sabache, utauona mkono wa kushoto ukishapita Archer's Post kuelekea Marsabit, ule wenye kichwa bapa na kuta za jabali, urefu kama mita 2,000. Nyiru uko juu ya mji wa South Horr, mita 2,752, huo ni mkubwa na una msitu mzito juu. Kulal uko mashariki mwa Ziwa Turkana, karibu mita 2,290. Halafu kuna safu ya Ndoto, na ndani yake lile jabali la Poi, ila Poi ni la watu wa kamba na misumari ya miamba, sio la kwenda kwa miguu kwa hiyo silizungumzii hapa.

Usidanganywe na namba. Mita 2,290 za Kulal zinaonekana kidogo ukilinganisha na Mlima Kenya, lakini Ziwa Turkana liko chini sana, kama mita 370 tu juu ya usawa wa bahari, yaani ukianzia ufukweni Loiyangalani una karibu mita 1,900 za kupanda na unazianza kwenye joto la 38.

"Pasipo na njia" maana yake nini? Hakuna hata kinjia cha mbuzi?

Vinjia viko vingi mno, hiyo ndiyo shida. Cha mbuzi kinaenda kwenye majani, cha ng'ombe kinaenda majini, cha ndovu kinaenda anakotaka ndovu. Hakuna hata kimoja kilichochimbwa ili kikufikishe kileleni. Hakuna vibao, hakuna rangi kwenye mawe. Ololokwe una kinjia cha kueleweka ambacho watu wa huko wanakitumia kupandisha wageni, na ndio maana kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanzie hapo. Nyiru na Kulal zina njia za wachungaji zinazojulikana na wachungaji, ukitoka nje yake ni wewe, miba na mawe.

Cha ndovu kikiwa kinaelekea unakokwenda, kifuate, ndovu hapendi mteremko mkali na njia zake zimekaa vizuri kuliko yoyote utakayochagua mwenyewe kwa ramani. Lakini angalia kinyesi. Kama bado kina unyevu simama, sikiliza, pengine ugeuke.

Maji kiasi gani?

Hapa tukae kidogo, manake safari yote inapangwa kuanzia hapa, sio kuanzia kileleni.

Mtu anayepanda kwenye joto kali anaweza kutoa jasho la zaidi ya lita moja kwa saa. Huwezi kubeba lita moja kwa kila saa siku nzima, kwa hiyo unachofanya ni kuondoa masaa ya joto kwenye hesabu: unatembea alfajiri na jioni, katikati ya siku unakaa kivulini. Ukifanya hivyo unaweza kwenda na nusu lita hadi robo tatu kwa saa ya kutembea. Sasa piga hesabu. Chukua siku ya kilomita 6 kwenda, mwinuko wa mita 1,000. Kanuni ya zamani ya Mskochi mmoja aliyeitwa Naismith, ya mwaka 1892, inasema saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda, unapata kama masaa matatu. Hiyo ni ya mahali pa kukanyagika. Kwenye kikwata, yaani vichaka vya miba, na mawe yaliyolegea weka masaa matano au sita, na kushuka usidhani ni haraka, weka manne au matano. Jumla masaa kumi hivi, kwa hiyo lita tano hadi saba na nusu, tuseme sita hadi nane kwa kila mtu ukiweka na ya akiba, ambayo ni kilo sita hadi nane mgongoni kabla hujaweka hata chapati.

Watu wakifika hapo wanaanza kupunguza maji ili begi liwe jepesi. Punguza vingine. Punguza nguo, acha kamera kubwa, kula ugali na nyama ya kukausha badala ya mikebe. Maji usiguse. Na kama hesabu imekataa, yaani maji unayohitaji ni mengi kuliko unayoweza kubeba, basi mlima huo kwa njia hiyo kwa siku moja hauwezekani, tafuta njia nyingine, au ulale katikati, au chukua ngamia wabebe maji hadi pale ardhi inapoanza kuwa ya mawe. South Horr na Loiyangalani wapo watu wa kukodisha ngamia. Ngamia hapandi jabali, lakini kukufikishia mitungi chini ya mlima ni msaada mkubwa mno.

Kitu kingine, wakati wa kupanda acha chupa njiani za kunywa wakati wa kushuka. Lita mbili chini ya mti unaoutambua, weka alama kwenye GPS, na uzininginize juu au uzifukie na mawe kwa sababu nyani wanatoboa chupa. Hii inafaa tu kama umeamua kabisa utarudi kwa njia ile ile. Ukishaacha maji nyuma huna ruhusa ya kubadilisha njia ya kushuka, hata kama upande wa pili unaonekana mzuri namna gani.

Si kuna chemchemi juu? Nimesikia Nyiru kuna mito.

Ni kweli, Nyiru una maji juu, na ndio maana Wasamburu wanapandisha ng'ombe huko kiangazi kikikaza. Lakini maji yanayonywewa na ng'ombe lazima uyachemshe au uyawekee dawa, na kiangazi kikubwa chemchemi inaweza kuwa tope. Uliza waliotoka huko juu wiki hiyo, sio waliokwenda mwaka jana.

Ukiona watu wamechimba kisima kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, usishuke tu na chupa yako. Visima vile vina familia zake, kuna zamu, kuna mifugo inasubiri. Upande wa milima ya Mathews wachungaji wanapokezana ndoo kutoka chini kisimani huku wanaimbia ng'ombe wao, na kila kundi la ng'ombe linajua wimbo wake. Omba, utapewa. Na usipige picha bila kuulizia.

Maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Machi 1888 msafara wa wavumbuzi wa Austria-Hungaria, Teleki na von Höhnel, ulipofika pale wapagazi walikuwa wamekauka kwa kiu, wakakimbilia ziwani wakakuta maji yana chumvichumvi. Wengi wa wale wapagazi walikuwa watu wa Zanzibar na Mrima, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani aliyezijua njia za bara. Kwa hiyo watu wa lugha yetu wameshapita chini ya Nyiru kwa miguu, na mizigo kichwani, zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Nikinywa maji mengi tu nitakuwa salama?

Hapana. Jasho linatoa chumvi pia. Ukinywa maji matupu lita kwa lita bila kula, chumvi mwilini inashuka, unaanza kuumwa kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, na mwenzako akiona hivyo anadhani ni kiu anakuongezea maji mengine. Beba pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zinauzwa kila duka la dawa na ni za bei ndogo, kula njugu zenye chumvi, na kunywa kidogo kidogo ukisikia kiu.

Msimu gani mzuri?

Januari na Februari, halafu Juni mpaka Septemba. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Watu wanashangaa kwa nini nasema mkwepe mvua wakati shida ni maji. Ni kwa sababu ya laga. Laga ni mto wa mchanga, mkavu miezi na miezi, unapendeza, bapa, laini, una kivuli cha migunga mikubwa, kila mgeni anataka kuweka hema hapo. Mvua ikinyesha milimani kilomita thelathini kutoka ulipo, juu yako mbingu ni nyeupe nyota zinawaka, laga inakuja usiku na ukuta wa maji ya tope, magogo na mawe. Huna dakika za kukusanya vitu. Usilale ndani ya laga mwezi wowote, na gari pia usiliache humo.

Upepo vipi?

Mkali mno kati ya Nyiru na Kulal. Pale pengo la milima miwili linabana upepo, na ndipo palipojengwa ule mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310. Kwa kawaida unapuliza zaidi usiku hadi asubuhi. Hema la bei rahisi litapasuka, funga kamba kwenye mawe makubwa, vigingi peke yake havishiki kwenye kokoto.

Joto chini, je juu kuna baridi?

Ndiyo. Hesabu kushuka kwa digrii 6 hivi kila mita 1,000. Kwenye Nyiru na Kulal kuna ukungu asubuhi, miti ya mierezi imejaa ndevu za kuvu, nguo zinalowa. Msitu huo uko pale kwa sababu ya ukungu wenyewe, upepo unagonga mlima unapanda unapoa unaacha maji kwenye majani, wakati kilomita chache chini hakuna hata jani. Kulal kuna kandege kadogo chenye pete nyeupe machoni ambacho hakipatikani mlima mwingine wowote duniani, na Kulal umewekwa kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za baiyosfia tangu 1978. Kwa hiyo beba sweta na koti la mvua hata kama unaanza safari ukitokwa na jasho.

Nitajuaje njia ya kwenda kileleni kama hakuna njia?

Swali zuri, lakini swali lenyewe hasa ni utajuaje njia ya kurudi.

Ukitazama mlima, una migongo na makorongo. Ukiwa unapanda, migongo yote inaelekea mahali pamoja, inakutana juu, kwa hiyo hata ukikosea mgongo, endelea kupanda tu utafika karibu na kilele. Kushuka ni kinyume chake. Migongo inaachana. Pale juu tofauti kati ya mgongo wako na wa jirani ni hatua ishirini, ukishuka saa moja umefika kilomita mbili kutoka pale ulipoacha maji, na katikati kuna korongo lenye kuta. Karibu kila mtu anayepotea kwenye milima hii anapotea akishuka, mchana, akiwa amechoka, akiwa na furaha ya kufika kileleni.

Kwa hiyo ukipanda geuka nyuma kila baada ya muda mfupi. Angalia vile mgongo unavyoonekana kutoka juu, kwa sababu ndivyo utakavyouona ukirudi, na haufanani hata kidogo na ulivyouona ukipanda. Kila mahali mgongo unapogawanyika simama, piga picha ya kuangalia chini, weka alama kwenye GPS, panga mawe matatu. Ukirudi uyabomoe, yasije kumpoteza mwingine anayepita na shughuli zake.

Pita mgongoni, sio korongoni. Korongo linavutia kwa kivuli na mchanga wa kukanyagika, lakini huishia kwenye maporomoko makavu, ukuta wa jabali laini uliosuguliwa na maji, mita tano, mita kumi. Unajisukuma ukapanda la kwanza, la pili, la tatu likakukatalia, unageuka unagundua lile la pili halishukiki. Kanuni ni moja, usipande kitu ambacho huwezi kukishuka, na ukiwa na wasiwasi kijaribu kukishuka pale pale kabla hujaendelea.

Ramani na simu vinatosha?

Simu inatosha mpaka betri ife au ipate moto ijizime, na kwenye mfuko wa suruali saa saba mchana itajizima. Pakua ramani kabla hujaondoka Isiolo, OsmAnd au Maps.me zote zinafanya kazi bila mtandao, weka simu katikati ya begi kwenye nguo, beba pawabenki. Halafu beba ramani ya karatasi na dira. Kenya tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani ni ndogo, haitakusumbua.

Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni mistari ya mwinuko. Ramani ikiwa na mstari kila mita 20, jabali la mita 15 linaweza kukaa katikati ya mistari miwili na lisionekane kabisa. Ramani inakuonyesha mteremko, haikuonyeshi kwamba kuna ukuta. Picha za setelaiti zinasaidia zaidi hapo, tafuta vivuli vyeusi vilivyonyooka, zile ni kuta.

Mtandao wa simu ni wa hapa na pale. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setelaiti, kama Garmin inReach, kundi likichanga sio mzigo, na kwa Nyiru au Kulal mimi siendi bila hicho.

Tunaanza saa ngapi?

Saa kumi na moja alfajiri muwe mnatembea, tochi kichwani. Weka saa ya kugeuka kabla hamjaondoka na isemwe mbele ya wote, mimi naweka saa tano asubuhi. Saa tano ikifika popote mlipo mnageuka au mnakaa kivulini mpaka saa tisa, hata kama kilele mnakiona. Jua la huku linazama kama saa kumi na mbili na nusu na giza linaingia mara moja, hakuna ule mwanga mrefu wa jioni.

Lazima niende na mwenyeji? Mimi nina GPS na uzoefu.

Lazima, na sio kwa ajili ya njia peke yake. Milima hii ina wenyewe. Nyiru ni mtakatifu kwa Wasamburu, ni mahali pa kumwomba Nkai, yaani Mungu, kuna sehemu za ibada ambazo mgeni hakanyagi na GPS haizionyeshi. Ololokwe uko ndani ya konsavansi ya jamii ya Namunyak iliyoanzishwa 1995, kuna malipo, kuna reinja, yaani walinzi wa hifadhi, na pesa zile zinarudi kwa watu wa pale. Kupanda bila kupita kwao ni kuingia boma la mtu kwa kuruka ua.

Fika kwa chifu au ofisi ya konsavansi, amkia wazee kwanza, "supa", ngoja, wape mkono, eleza mnatoka wapi mnakwenda wapi. Usianze na bei. Mzee akimtoa kijana wa kuwapeleka, yule morani anajua kisima kipi kina maji leo, nyati walilala wapi, na nani yuko mlimani na mifugo. Mheshimu katika maji pia, watu wanadhani kwa sababu amezoea hahitaji kunywa, basi hawambebei. Mbebee. Akisema turudi, rudini, hata kama hajawaeleza sababu.

Usalama ukoje? Nimesikia mambo ya Baragoi.

Nisikupake mafuta. Wizi wa mifugo kwa bunduki upo. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa kwenye bonde la Suguta, upande wa mji wa Baragoi, magharibi mwa Nyiru, wakifuatilia ng'ombe walioibwa. Februari 2023 serikali iliitangaza Samburu na kaunti kadhaa za jirani kuwa na maeneo hatari ikapeleka jeshi. Vita hivi havimlengi mpanda mlima, lakini risasi haichagui. Hali inabadilika kijiji kwa kijiji na wiki kwa wiki, kwa hiyo piga simu kwa mtu aliye pale siku mbili kabla, uliza tena ukifika Archer's Post au Maralal, ripoti kituo cha polisi, na ukiambiwa subiri, subiri. Barabara ya Isiolo, Laisamis, halafu ukate kwenda Loiyangalani, ilikarabatiwa kwa ajili ya mradi wa upepo na ndiyo wengi wanayopita kwenda Kulal badala ya kupitia Baragoi.

Miba?

Kikwata ndicho adui, miba yake imepinda kurudi nyuma, ukijivuta inaingia zaidi. Simama, rudi nyuma hatua moja, toa tawi kwa mkono. Vaa suruali ndefu ya kitambaa kigumu, shati la mikono mirefu, glavu za ngozi, kofia pana. Mkonge pori una ncha inayoingia gotini ukiteleza. Ile miti ya euforbia, utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari kubwa, usikate tawi kufanya fimbo wala kuni.

Viatu, soli ngumu. Raba za kukimbilia zinatobolewa na mwiba wa mgunga hadi nyayoni. Morani anavaa akala za tairi na anakupita, kwa sababu tairi halitoboki na miguu yake imezoea, ila usianze kujaribu akala siku ya mlima. Beba kibanio na koleo ndogo.

Nyoka na nge?

Wapo. Kifutu, wengine wanamwita bafe, analala njiani hakimbii. Yuko swila anayetema mate, na yuko yule mfupi wa rangi ya mchanga anayesugua magamba yakakwaruza. Usitie mkono juu ya mwamba ambao hujauona juu yake, usikae juu ya jiwe bila kulipiga fimbo, tikisa viatu asubuhi. Mtu akiumwa hakuna kukata, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba ya kuzuia damu. Mtulize, vua pete na saa, funga kiungo kisichezecheze kama unavyofunga mfupa uliovunjika, abebwe hospitali.

Kingine kisichojulikana: usikae karibu na kichuguu jioni. Usubi wa mchanga unaoishi humo unaeneza kala-azar (ugonjwa wa kuvimba wengu), na Marsabit ugonjwa huo upo. Malaria ipo pia kule chini, uliza daktari kabla.

Mwenzangu akizidiwa na joto nifanye nini?

Akiwa amechoka, anatoka jasho jingi, kichwa kinamuuma, kizunguzungu, ila anajielewa: kivulini, vua begi, legeza nguo, ORS kidogo kidogo, na safari ya kileleni imeisha hapo kwa leo.

Akianza kuongea visivyoeleweka, kuyumba, kukasirika bila sababu, au kuzimia, hiyo ni hatari ya kifo, mwili umepita digrii 40. Usimlazimishe kunywa, atapaliwa. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, maji kwenye shingo na kwapani, msiache. Maji mnayoyahifadhi ya kunywa yatumieni hapo bila kuyaonea huruma, halafu wawili washuke kutafuta msaada. AMREF Flying Doctors wana bima ya kuchukuliwa kwa ndege, inunueni kabla ya safari, lakini kumbukeni ndege inatua kwenye uwanja, sio kwenye mgongo wa mlima, kwa hiyo kumshusha ni kazi yenu.

Hii ndiyo sababu nasema msiende chini ya watu wanne. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanashuka pamoja.

Naweza kupanda Ramadhani nikiwa nimefunga?

Tafadhali usifanye. Msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na ukitaka kufunga mwezi wote basi uahirishe mlima, utaukuta. Kundi likiwa na mtu asiyekunywa maji, wote mnabeba hatari yake.

Nyati na ndovu juu msituni?

Wako. Piga makofi na mwongee mkiingia kwenye vichaka vizito, mwenyeji atangulie, msitawanyike. Usiku msitembee msituni.

Tunaweza kuwasha moto?

Juu msituni hapana. Mwerezi unashika moto haraka na huo msitu ukiungua hakuna mwingine karibu wa kuuotesha upya. Pikeni kwa jiko la gesi.

Vipi tai wa Ololokwe?

Wanazaliana kwenye zile kuta, ni tai wa Rüppell, na wako kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Msisogelee ukingo juu ya viota, msirushe mawe, na droni iacheni nyumbani. Juu kule pia kuna zile sikadi zenye shina nene na makoni makubwa, za aina inayopatikana hapo na kwenye milima ya Mathews, msing'oe hata mche.

Sisi tuko Tanzania, kuna wa aina hii?

Nendeni upande wa Ziwa Natron. Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, una njia, na watu wanaanza usiku wa manane kukwepa jua. Lakini Gelai pale jirani, mita 2,942, ndio hasa tunaouongelea hapa, bonde kavu chini, msitu juu, wafugaji wa Kimaasai ndio wanaoujua. Longido, mita 2,637, ni mwepesi kidogo kufikika na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Niko Muscat, milima ya Oman inafaa kujifunzia?

Inafaa sana, Novemba hadi Machi tu. Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, kama mita 3,000, una njia iliyowekwa alama za rangi hadi kilele cha kusini, kile cha kaskazini ni cha jeshi hakiendeki. Mawe ya chokaa kule ni makali yanachana viatu, na wadi zinafurika kama laga zetu.

Nifanye mazoezi gani?

Jaza lita nane za maji kwenye begi uzunguke Longonot nazo, uanze saa nne asubuhi ili ulijue jua, na uende na mwenzako mwenye gari chini. Kama mwisho wa siku magoti yanauma kwa kushuka, rudia kila wiki mbili hadi yaache, manake milima hii inakumaliza magoti kabla ya mapafu. Ujifunze pia kutembea polepole. Ukiweza kuongea sentensi nzima huku unapanda basi mwendo ni sawa, ukishindwa kuongea punguza.